Injini ya powatila imechoka, inakula oili, haina pumzi: tuijenge upya kwa kupima, siyo kwa kubahatisha

Karakana_Ndanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mpunga umevunwa, mabonde yameanza kukauka na korosho bado hazijaanza kudondoka. Ndiyo miezi ambayo karakana za huku kwetu, kuanzia Mingoyo, Nyangao, Ndanda mpaka Masasi mjini, zinapokea powatila (vitrekta vya kushikwa kwa mikono) zenye ugonjwa mmoja: inakula oili, inafuka moshi wa buluu, na asubuhi haiwaki mpaka vijana wapokezane hendeli. Tiba inayotolewa mara nyingi nayo ni moja: piga ringi mpya (zile pete za chuma zinazozunguka pistoni), rudisha kazini. Inawaka, mwenye mali anafurahi, halafu korosho hazijaisha ghalani moshi umerudi ulivyokuwa. Hili linaniuma, maana ile ni hela ya mkulima iliyokwenda kwenye ringi ambazo hazikuwa na nafasi ya kufanya kazi tangu zilipofungwa.

Ninachosema kwenye uzi huu ni kimoja: usinunue spea hata moja kabla hujapima. Na kupima hakuhitaji karakana kubwa. Fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), rula ya chuma iliyonyooka na mtu mwenye subira vinatosha kukupa sehemu kubwa ya majibu.

Nazungumzia zile injini za dizeli za silinda moja zinazolala, zenye tanki la maji juu na gurudumu zito ubavuni. Nyingi ziliingia wilayani kwetu baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, na nyingine watu wamenunua wenyewe. Soma namba iliyoandikwa kwenye kibati. S195 maana yake silinda moja yenye upana wa milimita 95. S1100 ni milimita 100, S1110 ni 110, ZS1115 ni 115. Zote hizo pistoni inatembea milimita 115. Ukienda dukani ukasema "nipe slivu ya powatila" bila namba hiyo, utapewa chochote kilichopo (slivu ni lile bomba la ndani ya silinda ambamo pistoni inatembea).

Kwanza: hakikisha kweli ni silinda. Siyo kila injini isiyo na pumzi imekufa slivu. Zungusha hendeli taratibu bila kushika kile kiwiko cha kuachia pumzi. Injini isiyo na ugonjwa inakugomea pistoni inapofika juu. Ikipita laini, mwaga oili safi kidogo sana, kama kijiko kidogo cha chai, kwenye njia ya hewa, zungusha mizunguko kadhaa huku umeachia pumzi ili isambae, kisha jaribu tena. Pumzi ikirudi, tatizo liko kwenye ringi na silinda. Isiporudi, angalia vavu au gasketi ya silinda hedi. Msizidishe hiyo oili. Dizeli inaweza kuiwakia oili kama mafuta ikapaa bila kushikika, na ikijaa juu ya pistoni inaweza kupinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti kubwa inayozunguka).

Dalili nyingine: briza (tundu la kupumulia la injini) inatema moshi mfululizo injini ikiwa na mzigo, hapo ringi zinapitisha. Maji kwenye tanki yanatoa mapovu injini ikiwaka, hapo gasketi ya hedi imeachia au hedi ina ufa. Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia chini, na mara nyingi mlango wake ni ile mipira miwili iliyo chini ya slivu.

Pili: kupima silinda kwa ringi. Fungua hedi, toa pistoni, safisha slivu mpaka ing'ae. Chukua ringi ya juu iliyo mpya au iliyo nzima, iingize ndani ya slivu peke yake bila pistoni. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isiwe mshazari. Pima uwazi wa ncha zake kwa fila geji. Anza kule ndani kabisa karibu na krenki, ambako ringi hazifiki na slivu bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Kisha vuta ringi mpaka sehemu ya juu inapogeukia ringi ya kwanza, pale unapohisi kidole kinakwaruza kingo. Pima tena.

Chukua uwazi wa juu, toa uwazi wa chini, gawanya kwa 3.14. Jibu ndilo slivu ilivyotanuka. Mfano: chini 0.40, juu 1.25. Tofauti ni 0.85, ukigawanya unapata kama 0.27 ya milimita. Slivu hiyo imekwisha. Ringi mpya ukizifunga humo zitabana chini na kuachia juu, na juu ndiko mlipuko uliko. Mimi nikivuka 0.20 sizungumzii ringi tena, naagiza seti nzima ya slivu, pistoni na ringi.

Uzuri wa injini hizi ni kwamba slivu yake ni ya maji, yaani maji yanaigusa kwa nje, na inachomoka. Huhitaji kwenda kuboa silinda kwenye mashine ya kukereza. Ndiyo maana nasema hakuna sababu ya kubabaisha kwa ringi peke yake.

Naendelea kwenye posti inayofuata, lakini swali lolote karibuni.

Mpunga_Kitere

Mkuu shukrani sana. Mimi niko skimu ya Kitere, yangu ni S195. Fundi wetu wa hapa alinifungia ringi mwaka jana na ilirudi vilevile ulivyosema. Swali: kwa nini zinakufa haraka hivi? Kuna jamaa ana ya zamani kuliko yangu na bado inavuta.

Karakana_Ndanda

Swali zuri mkuu, tena ndilo lililotakiwa kuja kabla ya spea.

Vumbi. Udongo wa huku Makonde, Newala, Tandahimba, hata Masasi na Nachingwea, una mchanga mwingi. Bondeni kwenye tope powatila haili vumbi sana. Inakufa kiangazi, inapovutishwa tela la mchanga, tofali na magunia ya korosho kwenye barabara za vijijini. Dereva amekaa nyuma, injini iko mbele, magari yanapita, na ile ea klina (chujio la hewa) ya oili imejaa tope au haina oili kabisa. Mchanga ukiingia unachanganyika na oili kwenye ukuta wa slivu, na kuanzia hapo kila mzunguko unasaga.

Leo jioni fanya hivi. Fungua bomba linalotoka kwenye ea klina kwenda kwenye hedi. Ingiza kidole ndani ya njia ya hewa, upande wa *baada* ya ea klina, pangusa ukutani, kitoe ukitazame. Panatakiwa pawe na unyevu mdogo wa oili safi au pakavu. Ukitoa kidole chenye utope wa kijivu unaokwaruza ukiusugua baina ya vidole, injini yako inalishwa mchanga sasa hivi. Angalia gasketi ya karatasi pale bomba linapofungwa kwenye hedi, wengi wameitupa. Angalia mpira kama una nyufa kwenye kona, hasa upande wa chini usioonekana. Angalia klipu.

Huyo jamaa mwenye injini ya zamani, muulize anasafisha ea klina kila baada ya muda gani. Nina hakika jibu lako liko hapo.

Fundi_Mikindani

Naheshimu maelezo ya mwanzisha uzi, lakini hili la "ringi peke yake ni kutupa hela" nalipinga kidogo. Nina miaka mingi kwenye injini za boti na za mashine za kusaga. Slivu ikiwa imekula kidogo, ukiisugua kwa msasa ukapata mistari ya mshazari, ringi mpya zinakaa na mteja anafanya kazi misimu kadhaa. Wateja wangu wengine hawana hela ya seti, na mtu mwenye shamba linalomsubiri huwezi kumwambia akae.

Karakana_Ndanda

Mzee wangu shikamoo, na hapo tunakubaliana kuliko unavyodhani. Neno lako "imekula kidogo" ndilo ninalolipigania. Kidogo ni ngapi? Ukipima ukakuta 0.08 au 0.10, slivu haina mikwaruzo mirefu, na mifereji ya ringi kwenye pistoni bado inabana, basi ringi mpya na kusugua kwa mshazari ni kazi halali kabisa. Ninachokataa ni kufunga ringi kwenye slivu ambayo hakuna aliyeipima.

Mifereji nayo ipimwe. Weka ringi mpya kwenye mfereji wake wa kwanza, ingiza fila geji ubavuni. Mfereji wa juu ukiwa umetanuka, ringi inapanda na kushuka inapampu oili kwenda juu, na hapo hata slivu mpya haitazuia moshi.

Na kama ipo ile kingo ya juu kabisa, iondoe kabla ya kufunga ringi mpya. Ringi mpya ina kona kali, inaigonga ile kingo na inaweza kuvunjika.

Fundi_Mikindani

Marahaba. Sawa, kwa maelezo hayo niko pamoja nawe. Niongeze jambo la sisi watu wa pwani: maji. Kuanzia Mikindani, Msimbati mpaka Lindi mjini visima vingi vina chumvi. Watu wanajaza tanki maji hayo. Ukitoa slivu unakuta ukoko mgumu umeizunguka, umekaba njia ya maji upande mmoja. Upande huo slivu inachemka, pistoni inatanuka, inakwaruza. Mwenye injini anaona maji yapo kwenye tanki na anashangaa kwa nini imekwama. Wekeni maji ya mvua, mtu akinge kwenye pipa msimu wa masika ayahifadhi kwa ajili ya injini tu. Na ukoko huo ukwanguliwe ndani ya bloku kabla ya slivu mpya kuingia, hasa pale chini mipira inapokaa.

Karakana_Ndanda

Hiyo ya maji ishikeni wakuu. Mimi niko bara kidogo sikuipa uzito, lakini kwa watu wa pwani ni sawa na vumbi kwetu.

Sasa sehemu ya kufunga.

Slivu. Kabla ya kuweka mipira, iingize slivu mpya bila mipira. Inatakiwa iingie kwa mkono, izunguke. Ikigoma, bado kuna uchafu, usiigonge. Ikikaa, pitisha rula juu ya uso wa bloku: ukingo wa slivu uwe juu kidogo ya bloku, na uwe sawa pande zote. Ukizama chini ya uso wa bloku gasketi haitaubana, utafungua hedi tena na tena. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha injini yako.

Toa, vaa mipira mipya, hakikisha haijajisokota kwenye mfereji wake. Paka maji ya sabuni, siyo grisi, sukuma kwa mikono miwili sawasawa. Ukigonga kwa nyundo na kipande cha mbao unaweza kukata mpira bila kujua. Na hapa kuna hatua ambayo karibu kila mtu anairuka: *jaza maji kwenye bloku kabla hujafunga pistoni*. Acha yakae, uende ukanywe chai. Rudi na tochi, chungulia ndani ya krenkesi (nyumba ya krenki) chini ya slivu. Tone moja likionekana, toa slivu urudie. Ukiligundua tone hilo baada ya kufunga kila kitu, utaligundulia kwenye oili.

Pistoni. Kabla ya kufungua ya zamani weka alama: upande gani wa pistoni unatazama juu, na konrodi imekaaje. Kichwa cha pistoni kina umbo linalolingana na chumba cha moto kwenye hedi, ukigeuza injini inakosa nguvu na inatoa moshi mweusi. Pini ya pistoni usiipige. Tumbukiza pistoni kwenye maji yanayochemka dakika kadhaa, pini inaingia kwa kusukuma. Ringi zina maandishi au nukta upande mmoja, upande huo unatazama kichwani kwa pistoni. Pima uwazi wa ncha kwenye slivu mpya pia. Kwa injini za ukubwa huu, kiasi cha 0.3 mpaka 0.4 kwa kila milimita 100 za upana ni mahali pazuri pa kuanzia. Ncha zikigusana ringi itatanuka kwa moto na kukwama. Panga ncha zisielekeane.

Konrodi. Boliti zake zikaze kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu, halafu funga waya mpya wa kuzuia. Msirudishe waya wa zamani. Boliti ya konrodi ikiachia, konrodi inatoka kupitia ubavu wa bloku, na hapo hatuzungumzii matengenezo tena.

Dada_Nachingwea

Kaka, mimi si fundi, namiliki powatila mbili za kikundi chetu cha akina mama na tunakodisha. Nataka kujua namna ya kumsimamia fundi. Je, naweza kuangalia nini mimi mwenyewe ili nijue kazi imefanyika? Na spea feki nitazijuaje? Tulipewa seti dukani, ndani ya muda mfupi slivu ikawa na mistari mirefu.

Karakana_Ndanda

Dada karibu sana, na hongera kwa kikundi. Mwenye mali anayeuliza maswali anamfanya fundi awe makini, usione aibu.

Mwambie fundi akupimie mbele yako ule uwazi wa ringi, akuandikie namba mbili kwenye daftari: ya chini na ya juu. Gawanya mwenyewe kwa simu. Fundi anayejua kazi hatakasirika. Spea za zamani zote zirudi kwako kwenye mfuko, hata waya na gasketi. Siku ya kuwasha uwepo.

Kuhusu feki, usitegemee boksi, maana boksi zuri linachapwa popote. Mfanye fundi aingize ringi mpya kwenye slivu mpya hapohapo dukani kama muuzaji anakubali. Shika slivu juu kwenye mwanga wa jua, uchungulie kwa ndani huku ringi imo: mwanga ukipenya pembeni mwa ringi, mojawapo si mviringo. Pitisha kidole ndani ya slivu, unatakiwa kuhisi mistari midogo ya mshazari, siyo utelezi wa kioo wala mikwaruzo ya kukereza ya duara. Pima mipira ya slivu kwa kuikunja, mpira mbovu unaonyesha nyufa ndogo. Muuzaji akikataa kabisa usiguse bidhaa, nenda duka jingine.

Lakini dada, kabla ya kulaumu seti, ile mistari mirefu inaweza kuwa mchanga. Fanya lile jaribio la kidole kwenye bomba la hewa kwa powatila zote mbili. Seti bora duniani haitoki salama mbele ya mchanga.

Kijana_Liwale

Spea zenyewe huku ni shida mkuu. Nyingi tunaagiza Dar, Gerezani kule Kariakoo, zinakuja na basi. Mwaka 2024 mwezi wa tano barabara ilipokatika kule Somanga baada ya kimbunga Hidaya, powatila yangu ililala imefunguliwa. Tangu hapo naweka akiba ya gasketi ya hedi, mipira ya slivu na ringi. Je, kuna kingine cha kuweka?

Karakana_Ndanda

Umefanya la maana. Ongeza nozo (kinyunyizio cha dizeli) moja, karatasi ya gasketi ya kukata mwenyewe, na mkanda. Slivu, pistoni na beringi usinunue mapema, subiri upime, maana hujui slivu na krenki zitasemaje.

Na krenki tusiipite. Ukishatoa konrodi, tazama beringi zake mbili. Zikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia sawasawa, ni uchakavu wa kawaida. Zikionyesha rangi ya shaba au punje za mchanga zilizojikita, lazima krenki ipimwe kwa maikromita, pande mbalimbali za shingo yake, kuona kama bado ni mviringo. Hapa usikisie. Peleka kwa mkerezaji wa uhakika, VETA Mtwara na VETA Lindi ni mahali pa kuulizia. Ikiwa haijapoteza mviringo, beringi za standadi zinatosha. Ikiwa imekula, inakerezwa kwenda saizi ya chini ya 0.25 au 0.50 na beringi zinanunuliwa za saizi hiyohiyo. Wengi wanakereza kwanza, wanatafuta beringi baadaye, wanakuta saizi hiyo haipo. *Pata beringi kwanza mkononi, ndipo ukereze.*

Mchuma_Nyangao

Vavu mbona hamjagusa? Mimi nilibadilisha slivu na kila kitu, injini ikawa na pumzi nusu. Kumbe vavu ya moshi ilikuwa imeungua ukingoni.

Karakana_Ndanda

Asante mkuu, kweli nilikuwa naelekea huko.

Toa vavu, safisha masizi, paka pesti ya kusagia kwenye ukingo, sugua kwa kuzungusha huku na huku na kuinua mara kwa mara. Unatafuta mkanda mwembamba wa kijivu usiokatika, kwenye vavu na kwenye kiti chake. Osha pesti yote, nasema yote, ile ni mchanga kama mchanga mwingine. Funga springi, lalaza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la hewa na la moshi. Yakivuja kwenye ukingo wa vavu, rudia. Vavu iliyosagwa mpaka imezama sana kwenye hedi nayo ni hasara, chumba cha moto kinakuwa kikubwa na pumzi inapungua. Hapo kiti kibadilishwe.

Ukifunga, nafasi ya vavu kwa S195 injini ikiwa baridi ni 0.35 ya kuingiza hewa na 0.45 ya moshi. Hedi ikaze kwa kupishana msalaba, awamu kwa awamu, na irudiwe kukazwa baada ya injini kupata moto mara ya kwanza na kupoa. Rudia na vavu pia, kwa sababu kukaza hedi kunabadilisha ile nafasi.

Gia za taimingi zina nukta. Jino lenye nukta linakaa kati ya yale yenye nukta mbili. Kama injini yako ina shafti za mizania, nazo zina nukta zake, msizipuuze. Ukikosea hapo injini inawaka na kufanya kazi lakini inatikisika mpaka boliti za tela zinalegea, na watu wanakwenda kulaumu mpira wa kukalia injini.

Fundi_Mikindani

Nozo ipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Kwa S195 ifungue karibu bar 130, itoe ukungu, isidondoshe. ZS1115 inamwagia mafuta moja kwa moja kwenye pistoni, inataka juu zaidi, usitumie kipimo cha moja kwa nyingine. Na vijana, msiweke mkono mbele ya nozo kuona kama inapiga. Ule mnyunyizo unapenya ngozi na dizeli inaingia mwilini, unaweza kupoteza kidole. Mtu akipata ajali hiyo aende hospitali palepale hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Nozo inayodondosha inaosha oili kwenye ukuta wa slivu. Mtu anabadilisha slivu, anarudisha nozo ileile, slivu mpya inakufa kwa ugonjwa wa zamani.

Bustani_Lindi

Samahani kwa kutoka nje kidogo. Mimi nina bustani ya mboga, nina pampu ya petroli ya GX160 na kitrekta kidogo cha kukatia majani chenye injini ya aina hiyohiyo ya kupozwa na hewa. Vyote vinakula oili. Maelezo haya yanafaa kwangu?

Karakana_Ndanda

Kanuni ni ileile, pima kwanza, lakini chuma ni tofauti. Hiyo GX160 silinda yake ni slivu ya chuma iliyomwagiwa aluminiamu juu yake, haichomoki. Upana wake mpya ni milimita 68.00, ukifika 68.165 imekwisha. Uwazi wa ncha za ringi ukizidi milimita 1 ringi hazifai. Vavu 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya moshi kwa matoleo ya zamani, injini ikiwa baridi; matoleo mapya yana kipimo kingine, fuata kitabu chake.

Konrodi yake ni ya aluminiamu na haina beringi za kubadilisha, inakaa moja kwa moja kwenye krenki. Ikikwaruzika, unabadilisha konrodi na unaisafisha krenki iliyogandiwa na aluminiamu. Chanzo kikubwa ni oili kupungua. Angalia oili kila unapojaza petroli, chombo kikiwa kimekaa sawa. Kwenye kitrekta kagua pia mapezi ya kupozea chini ya kifuniko, majani makavu yanajaa pale na silinda inachemka upande mmoja, sawa na ukoko wa chumvi alioueleza mzee wa Mikindani.

Na kwa wenye mashine za mgongoni za kupulizia salfa, ambao wameniuliza pembeni: hizo silinda zake nyingi ni za aluminiamu iliyopakwa ngozi ngumu ndani. Haziboiwi. Ngozi ikichubuka unabadilisha silinda na pistoni pamoja. Chujio lisafishwe kila siku ya kazi, maana mpuliziaji anatembea ndani ya vumbi la salfa kutwa nzima.

Mpunga_Kitere

Mrejesho wakuu. Nimefungua na fundi wetu, tumepima kama ulivyoelekeza. Chini 0.45, juu 1.40. Kidole kwenye bomba la hewa kimetoka na tope, na gasketi ya karatasi haikuwepo. Nje ya slivu kuna ukoko kidogo tu. Beringi za konrodi ni za kijivu, na shingo ya krenki imepimwa kwa maikromita pande nne, tofauti haizidi 0.02. Vavu ya moshi imeungua upande mmoja. Niagize nini?

Karakana_Ndanda

Safi sana. Tofauti yako ni 0.95, gawanya kwa 3.14, slivu imetanuka kama 0.30. Usijadili ringi. Agiza: seti ya S195 ya slivu, pistoni, pini na ringi; mipira ya slivu jozi mbili, moja ya akiba; beringi za konrodi za standadi; vavu ya moshi moja na pesti; gasketi zote pamoja na ile ya bomba la hewa; mpira mpya wa ea klina na klipu zake. Krenki usiiguse. Nozo ipimwe kabla ya kufunga.

Ikishafungwa, jaza oili mpya, SAE 40 inafaa kwa joto letu. Zungusha kwa hendeli ukiwa umeachia pumzi mpaka ile alama nyekundu ya oili ipande. Usiwashe kabla haijapanda. Ukiwasha, iache itembee bila mzigo, sikiliza, gusa boliti, tazama chini kama kuna uvujaji. Siku za mwanzo mpe kazi nyepesi, tela tupu au kupampu maji, usimpe jembe wala mchanga. Usimwache aungurume muda mrefu bila mzigo pia, ringi hazitakaa. Kisha mwaga oili hiyo ikiwa ya moto hata kama inaonekana nzuri, maana ina punje za chuma za ringi zinazokaa, safisha chujio, weka nyingine. Hapo ndipo umpe kazi kamili.

Mpunga_Kitere

Nimeandika yote. Jozi ya pili ya mipira ya slivu nitampa jirani, yake nayo ina oili ya maziwa.

Karakana_Ndanda

Mpe, lakini mwambie asitoe slivu kabla ya kujaza maji kwenye tanki, kuondoa kifuniko cha nyuma na kuchungulia kwa tochi yanakotokea. Yakitiririka chini ya slivu, ni mipira. Chini pakiwa pakavu kabisa, afungue hedi aangalie gasketi kwanza.